Ubavu wa Kushoto wa Bi Mkubwa

Jumamosi mchana, siku mbili kabla Bi Mkubwa hajashushwa majini, Fundi Pamba aliinama chini ya benchi lake kutafuta pamba ya akiba akakuta hakuna. Alivuta sanduku, akalipindua, likatoka vumbi na msumari mmoja wa shaba. Akakaa juu ya ndoo, akakumbuka mabunda yalikuwa mangapi na yamekwenda wapi, na hapo ndipo alipojua kwamba ameharibu kazi.

Nieleze mapema ili tusizungushane. Bi Mkubwa ni chombo cha mashindano, cha mbao, na mwaka huo alikuwa anatimiza miaka mia. Tanga lake kubwa lina pembe nne, si tatu kama matanga ya siku hizi, na juu yake lina boriti, foromali, inayopanda mlingotini pamoja na tanga kwa kamba mbili na jasho la watu wanne. Vyombo vya namna hiyo vilikuwa vimebaki vitano tu kwenye bandari ile. Mara moja kwa mwaka vilishindana vyenyewe kwa vyenyewe, maana kuvichanganya na hivi vya plastiki vyenye matanga marefu ni kuwaaibisha wazee bure. Watu wa karakana hawakumwita chombo. Walimtaja kama mtu, na mgeni akithubutu kusema "kile" alitazamwa kuanzia viatuni mpaka utosini.

Kazi ya Fundi Pamba ilikuwa kukalafati. Kati ya ubao na ubao kuna mwanya, na katika mwanya huo unasukuma pamba iliyosokotwa, kwa patasi butu na nyundo ya mti, kisha unaziba kwa puti na kupaka rangi. Kusema ni rahisi. Kinachomtenga fundi na mpigaji kelele ni kipimo. Chombo kilichokaa nchi kavu kimekauka, mbao zimesinyaa, na kikirudi majini mbao zinakunywa na kuvimba. Ukitia pamba kidogo, kinavuja. Ukishindilia kupita kiasi, mbao zikivimba zinakosa pa kwenda, kwa hiyo zinasukuma mataruma, zile mbavu za ndani, mpaka yanakatika moja baada ya jingine. Chombo kinajivunja chenyewe kikiwa kimefungwa gatini, upepo hata haujavuma.

Bi Mkubwa alikuwa amekaa nchi kavu miezi ishirini. Ubavu wake wa kulia ulikuwa umekula mabunda matatu ya pamba. Ubavu wa kushoto, wenye urefu ule ule na mbao za mti ule ule, ulikuwa umekula manne na nusu. Bunda moja na nusu la ziada halikuruka dirishani. Lilikuwa mle ndani, limeshindiliwa, limefunikwa kwa puti na rangi nyeupe inayong'aa, likisubiri maji ya Jumatatu.

Mashindano ya miaka mia yalikuwa Jumamosi inayofuata. Msimamizi wa karakana, ambaye kwa kupenda tarehe kila mtu alimwita Kalenda, alikuwa ameiandika siku hiyo ukutani kwa rangi nyekundu, na mwenye chombo alikuwa ameshagawa kadi za mwaliko. Fundi Pamba akisema, puti yote ya kushoto itolewe, pamba yote ivutwe, kazi ianze upya, na Bi Mkubwa atatimiza miaka mia akiwa ameegemea magogo. Akinyamaza, labda angepona. Labda. Wapo waliowahi kunyamaza wakapona, na wapo ambao vyombo vyao vilikuwa kuni kabla ya mwezi kuisha.

Cha ajabu ni kwamba hakusikia kitu. Alijipapasa ndani kutafuta hofu, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, asiipate. Aibu nayo hakuikuta. Miaka arobaini ya jina zuri ilikuwa inaning'inia kwenye uzi, naye alikuwa anatazama vidole vyake na kufikiri kwamba kucha zimekuwa ndefu. Aliosha mikono, akamuaga mlinzi, akaenda nyumbani.

Sasa lazima nimtaje mkewe, maana bila yeye hakuna cha kusimulia.

Fundi wa kalafati anayepiga nje hasikii vizuri anachofanya. Mlio mzuri unaingia ndani ya chombo, yeye huku nje anabaki na kelele. Kwa hiyo katika karakana ile ulikuwepo utaratibu wa zamani: mtu mmoja anakaa ndani, sikio karibu na ubao, na kumjibu fundi kwa kugonga. Akigonga mara moja, maana yake bado, endelea. Akigonga mara mbili, maana yake inatosha, sogea mbele. Baba mkwe wa Fundi Pamba, aliyemfundisha kazi, alikuwa akimkalisha ndani binti yake, na kijana alipoanza kujifunza alipiga nje wiki nzima akijibiwa na mtu asiyemjua. Alianza kumpenda kabla hajamwona. Alipomwona, akakuta ana lami puani, na hilo halikubadilisha kitu.

Walioana, na kwa miaka thelathini na minne, kila Bi Mkubwa alipohitaji kalafati, mke aliingia ndani na mwiko wake wa ugali, akagonga kwa mpini. Watu wa karakana walimpa jina la Sikio. Hakuandikwa popote. Ukutani mwa ofisi ya Kalenda kuna picha za Bi Mkubwa tangu siku aliyojengwa: yumo seremala aliyemjenga, wamo wenye chombo watatu, wamo manahodha na vikombe vyao vya ushindi wameshika viuno kama walioumba bahari, na Fundi Pamba mwenyewe yumo mara mbili. Mkewe hayumo hata mara moja, kwa sababu kila picha ilipopigwa yeye alikuwa ndani.

Kuna mwaka mmoja tu alipokosea. Walikuwa wamemzika mtoto wao wa pili, wa miezi tisa, na wiki tatu baadaye walikuwa kazini, maana Bi Mkubwa alikuwa na tarehe zake. Fundi Pamba alipiga huku analia. Nyumbani hakulia, alikuwa mwanamume mwenye wageni sebuleni. Alilia pale, kidevu karibu kiguse ubao, akijisemea maneno yake, akijua hakuna anayemsikia isipokuwa mbao. Na katikati ya kulia, mwiko ukagonga mara mbili. Alipima mwanya kwa kisu, akakuta pamba bado imelegea kabisa. Akapanda ngazi kwa hasira, akaingiza kichwa mlangoni.

"Leo sikio lako limelala?"

"Labda," mkewe alijibu. "Njoo unywe chai kwanza."

Alikunywa chai, na kesho yake akaurudia ule mwanya. Kwa miaka mingi akawa anamtania nao. Mkewe alicheka tu, hakujitetea.

Safari hii walikuwa wamemaliza ubavu wa kulia siku ya Jumatano. Ijumaa mkewe akasema kichwa kinamuuma. Ijumaa iliyofuata watu walikuwa wanatoka makaburini kumzika.

Msibani watu walisema mzee amejikaza kisabuni. Uongo. Hakuwa amejikaza, hapakuwa na cha kukaza. Alipewa chakula akala, akapewa pole akasema ahsante, akaambiwa alale akalala. Shangazi zake walipindua jiko zima kutafuta mwiko mkubwa wa kupikia watu wa matanga, wasiuone, wakagombana, wakanunua mwingine. Aliwasikia wanagombana akajua kwamba kwa kawaida hilo lingemchekesha. Moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi: unajua ni wako, unauona uko pale, lakini ukiufinya unafinya wa jirani.

Baada ya miezi sita alirudi kumalizia ubavu wa kushoto. Kalenda alijitolea kumtafutia mtu wa kukaa ndani.

"Nitasikia mwenyewe," alisema.

Hakusikia. Alipiga. Alipiga kwa sababu kupiga hakukuuliza swali, na jioni mikono ilichoka, na uchovu ulikuwa ndicho kitu pekee alichoweza kukihisi. Wiki tatu alishindilia pamba hivyo, na wapita njia wakasema, tazama mzee anavyojituma.

Nyumbani alikuwa anaishi na binti yake wa kwanza, karani wa posta, ambaye alikuja kwa wiki moja baada ya msiba na sasa alikuwa na mwezi wa saba. Yule binti alikuwa na mdomo mwepesi, wa kumpasha hata meneja wake, lakini nyumbani mle maneno yalikuwa yamemwishia. Walikuwa wanaambiana mambo ya chumvi na maji. Kila asubuhi alimwona baba yake akikitoa kikombe cha mama yake rafuni, akikiosha, akikikausha na kukirudisha. Hakuna aliyekinywea.

Jumamosi ile jioni Fundi Pamba alimaliza kula, akasukuma sahani.

"Kesho una kazi?"

"Kesho posta imefungwa, baba."

"Nataka mkono wako. Karakanani."

Binti alimtazama. Tangu msiba baba yake hakuwahi kumwomba kitu, hata kiberiti.

"Sawa," alisema. "Saa ngapi?"

Jumapili asubuhi karakana ilikuwa tupu. Bi Mkubwa alikuwa amesimama kwenye magogo yake, mweupe, tumbo limemtuna, mlingoti umelazwa kando na ile foromali imefungwa juu yake. Fundi Pamba alimpa binti nyundo ya mti na kumwonyesha namna ya kupiga: polepole, kando ya mwanya, hatua kwa hatua, kulia kwanza, kisha azunguke kushoto.

"Mimi nitakuwa ndani."

"Si upige wewe, nikae ndani mimi? Mimi nyundo nimeishika lini?"

"Unagonga mihuri kutwa nzima. Mkono ni ule ule. Na ndani huwezi, hujui mlio unaoutafuta."

"Na wewe unaujua?"

Katika miaka yote ile hakuwahi kukaa ndani wakati nyundo inapigwa nje. Nani angepiga?

"Nikiusikia nitaujua," alisema, akapanda ngazi.

Ndani kulikuwa na mwanga kidogo wa mlangoni na harufu ya mafuta na mbao kavu. Alitambaa kati ya mataruma mpaka mahali alipojua kwamba mkewe alikuwa anakaa, nyuma kidogo ya kitako cha mlingoti. Gunia lilikuwa pale, limekunjwa mara nne, na katikati limebonyea. Alikaa. Alipoegemea, kitu kikamchoma bega. Alipapasa nyuma ya taruma akautoa mwiko.

Aliushika. Ulikuwa na alama za mbao mpinini, pale ulipogongwa maelfu ya mara. Akafikiria shangazi zake wakigombana jikoni. Akauweka mapajani.

"Niko tayari!" alipiga kelele.

Nyundo ikaanza, upande wa kulia. Na mlio ulioingia haukuwa ule alioujua. Kule nje siku zote ilikuwa ni kishindo tu, huku ndani kila pigo lilikuja na mkia, sauti nyembamba iliyotembea ndani ya ubao mpaka mbele ikarudi. Pigo baada ya pigo, mkia ule ule. Huo ndio ulikuwa ubavu wa mkewe. Hakuhitaji kuambiwa.

Halafu, katikati ya mapigo, akasikia mtu anaongea.

"...kumi na tisa, ishirini, sogea. Jamani kazi gani hii. Bega langu. Ndiyo maana mzee mgongo umepinda."

Alidhani binti anamwita, akataka kuitika. Lakini binti hakuwa anamwita mtu. Alikuwa anajisemea, mdomo uko shubiri moja kutoka kwenye ubao, kama kila anayekalafati anavyosimama, hana nafasi nyingine ya kusimama. Na sauti ilipita kwenye mbao kavu kana kwamba ameketi naye.

Kisha binti akasema, polepole zaidi, "Shikamoo mama."

Nyundo ikapiga. Mkia ukaenda mbele ukarudi.

"Leo nakuja na nyundo. Usicheke. Mzee wako hajambo. Anakula. Anaosha kikombe chako kila siku, mimi natazama tu, sina la kusema. Nikimuuliza umelalaje, nimelala. Nikimuuliza unaumwa, siumwi. Mama, mimi nimechoka. Nalia chooni nafungulia bomba asinisikie, utafikiri nimeiba. Nyumba nzima nalia peke yangu. Ningekuwa na mtu mmoja tu wa kulia naye. Kumi na nne. Sogea."

Fundi Pamba alikaa kama alivyo.

Akaelewa kitu kimoja, na kikaja na vingine vyote nyuma yake. Mkewe alikuwa anasikia. Alisikia miaka thelathini na minne. Alisikia mumewe alivyokuwa anamsema mama mkwe, alisikia alivyolalamikia chumvi, alisikia nyimbo zake za kipuuzi na maneno aliyomtakia Kalenda ambayo hayaandikiki. Na ule mwaka, wiki tatu baada ya mtoto, alikuwa amekaa hapa hapa, juu ya gunia hili, sikio kwenye ubao, akimsikia mumewe analia. Pamba ilikuwa haijatosha, na alijua haijatosha. Alikuwa anamtoa kwenye ule ubao aje anywe chai. Kisha akakubali kutaniwa maisha yake yote kwamba sikio lilimlala.

Nyundo ilikuwa imezunguka. Sasa ilipiga kushoto.

Pigo la kwanza lilianguka kama ngumi kwenye godoro. La pili vile vile. Hapakuwa na mkia. Alitega sikio, akasogea taruma moja, akasogea jingine, akisubiri hata mahali pamoja tu ambapo ubao utajibu. Haukujibu. Ubavu mzima, kutoka mbele mpaka nyuma, ulikuwa umeshindiliwa na mtu asiyesikia.

Aligonga mwiko mara mbili. Nyundo ikasimama.

"Baba?"

"Naam."

"Unanisikia vizuri huko?"

"Nakusikia."

"Unasikia nyundo, au unanisikia mimi?"

"Vyote."

"Tangu lini?"

"Tangu bega."

Huko nje nyundo ilianguka sakafuni. Hakushuka haraka. Aliposhuka akamkuta binti amegeuka, anafuta uso kwa kiwiko. Moyo ulikuwa bado umekufa ganzi, ila sasa, pembeni kabisa, ulikuwa umeanza kuchomachoma.

"Twende kwa Daktari," alisema.

Mwenye Bi Mkubwa alikuwa daktari wa meno, mjukuu wa yule aliyeagiza chombo kijengwe. Alikuwa mtu mpole, mwenye mikono safi kupita kiasi, asiyejua kufunga fundo lakini aliyempenda Bi Mkubwa kama anavyopendwa nyanya. Walimkuta uani kwake anasugua kikombe cha ushindi cha babu yake kwa mswaki. Fundi Pamba alikataa kiti.

"Daktari, usimshushe kesho. Ubavu wa kushoto nimeujaza kupita kiasi. Akinywa maji atavunjika mbavu."

Daktari aliweka mswaki chini. "Fundi, kadi zimeshatoka. Watu mia mbili. Ni miaka mia, haiji tena."

"Najua."

"Una hakika? Labda unajitilia shaka tu, kwa haya yaliyokupata."

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi kabisa. Angesema labda, Daktari angeishika ile labda kwa mikono miwili, na Jumatatu wangemshusha kwa shangwe. Fundi Pamba alimtazama binti yake, kisha akatazama kikombe cha fedha.

"Nina hakika. Nimekaa ndani nimesikiliza. Kulia alisimamia mke wangu, kuko sawa. Kushoto nilikuwa peke yangu. Nilikuwa napiga tu, Daktari. Sikuwa nahisi kitu."

Daktari alikisukuma kikombe kando. Alipoongea alikuwa na hasira, na haki yake alikuwa nayo, lakini aliongea kwa sauti ya kazini kwake.

"Mgonjwa nikimchoma sindano ya ganzi humwambia asile mpaka imwishie. Wengine hawasikii. Wanarudi wamejitafuna shavu lote, damu inatoka, wala hawana habari." Alipumua. "Jino pia ukilijaza sana linapasuka. Haya. Vuta pamba yako. Kalenda nitamwambia mimi, wewe atakumeza."

Kalenda alipoambiwa alitukana mpaka akaishiwa, kisha akachukua brashi akaifuta ile tarehe nyekundu, shingo upande, akaacha doa kubwa ukutani.

Wiki nzima walivuta pamba. Binti aliomba likizo posta. Puti ilitoka vipande vipande, na pamba ikatoka ngumu kama kamba ya mnazi, mita kwa mita, ikajaa sakafuni. Baba na binti walifanya kazi bila maneno mengi, lakini kimya chao kilikuwa kimebadilika. Kilikuwa kimya cha watu wawili ambao kila mmoja anajua mwenzake amesikia.

Jumamosi ya mashindano karakana ilihamia gatini yote. Daktari alipita asubuhi na suruali yake nyeupe, akampapasa Bi Mkubwa tumboni, akaenda kuwapungia mkono wale wanne wengine. Fundi Pamba alibaki. Pamba mpya ilikuwa tayari, imesokotwa. Binti aliingia ndani, akakaa juu ya gunia, akashika mwiko. Siku mbili zilizopita alikuwa amefundishwa mlio kwenye ubavu wa kulia mpaka aliweza kuutambua amefumba macho.

Fundi Pamba alipiga mwanya wa kwanza. Mwiko ukagonga mara moja, bado. Akapiga tena. Mara mbili. Akasogea. Mwanya wa pili, wa tatu. Ilikuwa imepita karibu saa nzima hivyo alipojikuta amesimama, nyundo mkononi, mdomo shubiri moja kutoka kwenye ubao. Mianya ilikuwa wazi. Alijua mle ndani kuna nani, na alijua anasikia.

"Kile kikombe," alisema.

Akapiga pigo moja, jepesi, kwa ajili ya kuwa na la kufanya.

"Nakiosha kwa sababu sijui nikifanyeje. Nikikiacha kinaingia vumbi. Nikikinywea, basi hayupo kweli." Akapiga tena. "Siku ile aliposema kichwa kinamuuma nilimwambia ni jua hilo, kunywa maji. Nilikuwa nakaza mpini wa nyundo. Sikuinua hata uso kumtazama. Nilikaza mpini, mwanangu, mpini ulikuwa mzima, haukuwa na tatizo lolote."

Kutoka kule majini ulisikika mzinga mdogo wa kuanzishia mashindano, na watu wakishangilia. Hakugeuka.

"Mdogo wako nilimlilia hapa. Pale, ubao wa tatu. Nilidhani sisikiki. Mama yako alinisikia, akaniita chai, nikamgombeza. Miaka yote nilikuwa na mahali pa kulilia na sikujua kama pana mtu. Sasa yeye mwenyewe sijui nikamlilie wapi. Ndiyo maana. Si kwamba sitaki. Sikujua wapi."

Nyundo ilikuwa imesimama zamani. Uso ulikuwa umelowa, na kidevu, na ubao mbele yake ulikuwa na madoa meusi kwenye rangi nyeupe. Aliona aibu, kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba alihisi kitu, akafunga mdomo. Akajifuta kwa mkono. Akaichukua patasi, akaiweka kwenye mwanya uliofuata, akasubiri mwiko ugonge mara mbili asogee mbele.

Alisubiri. Kutoka ndani ya Bi Mkubwa, mwiko uligonga mara moja.